Duka Kubwa na Duka la Mtaani: Lipi Litufaalo?

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya jambo tulilolijadili muhula uliopita katika mdahalo wa Jumamosi, nalo ni hili: je, maduka makubwa ya kujichagulia yanaufaa mji kuliko maduka madogo ya mitaani? Siku ile nilikuwa upande wa waliosema yanafaa. Nilisimama nikasema kwa sauti kubwa, nikapigiwa makofi, na upande wetu ukashinda kwa kura nyingi. Leo naandika kwa sababu nimeona kwamba niliyoyasema yalikuwa nusu tu ya maneno, na sipendi kumaliza shule hali nusu ya pili sikuisema.

Kwanza yafaa msomaji ajue mimi ni nani katika shauri hili, asije akadhani nasema kwa kusikia tu. Mimi ni mtoto wa duka. Kwetu ni Ngamiani, hapa Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, na baba ana duka la rejareja katika fremu ya mbele ya nyumba ya bibi. Ada ya shule za sekondari za serikali, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, ilifutwa tangu mwaka 2016, lakini kila mzazi ajua kwamba mwanafunzi wa bweni hakosi mahitaji. Tranka langu, godoro langu, ndoo yangu na sare zangu zote zilitoka katika duka hilo, robo ya sukari kwa robo ya sukari. Wadogo zangu wawili nao wasoma kwa duka hilo hilo.

Likizo ya Juni baba alinipa shilingi 40,000 nikanunue vitu vya shule. Vingi katika vitu hivyo vilikuwamo dukani mwetu, lakini baba hapendi mtoto achukue bidhaa bila kulipa, kwa kuwa, asema, duka linaloliwa na wenyewe halingoji mwizi. Desturi yetu ni kupewa fedha, kisha kununua kama mnunuzi mwingine, na hesabu ikaandikwa. Mimi nilizichukua fedha zile nikavuka reli, nikaenda katika duka kubwa la mjini ambalo wenzangu wengi walikuwa wakilisifu. Huko mna kiyoyozi, mna toroli la kusukuma, kila kitu kina bei yake, wala hapana mtu wa kukuuliza wataka nini. Vitu vyangu vilikuwa saba tu na vingeenea katika kikapu, lakini nilisukuma toroli, maana niliwaona wanafunzi wenzangu wawili nami nikataka wanione. Nikarudi nyumbani na mfuko wenye jina la duka lile.

Baba alikuwa akimpimia mtoto sukari. Akautazama mfuko, akamaliza kupima, akamrudishia mtoto chenji yake, kisha akaniuliza neno moja: "Sabuni yetu ina kasoro gani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule bibi ndiye aliyeniambia kwamba baba alikuwa akifikiri kulifunga duka mwisho wa mwaka huu na kuipangisha fremu kwa wakala wa fedha za simu, kwa sababu mauzo yamepungua. Nikafahamu kwamba mimi pia ni mmoja wa waliompunguzia.

Kesho yake nilichukua risiti yangu nikailinganisha na bei za duka letu, moja moja. Katika vitu saba, vitatu vilikuwa rahisi kule, viwili bei ilikuwa sawasawa, na viwili vilikuwa ghali kule kuliko kwetu. Nilichookoa katika vile vitatu kilikuwa shilingi 1,300. Nilichozidishiwa katika vile viwili kilikuwa shilingi 500. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 2,000. Basi katika safari yangu ya kutafuta bei nafuu nilipata hasara ya shilingi 1,200, na katika mdahalo nilikuwa nimesema kwamba duka kubwa huokoa fedha za mwananchi!

Hata hivyo sitaki kumpendelea baba. Mtu mwenye gari, mwenye mshahara wa mwezi, ambaye hununua gunia la unga na dumu la mafuta kwa siku moja, huyo hapana shaka hupata nafuu katika duka kubwa. Lakini watu wengi wa mtaani kwetu hawapati fedha kwa mwezi, bali kwa siku. Tuseme lita moja ya mafuta ya kupikia yauzwa shilingi 6,000 kule, na sisi twauza robo lita kwa shilingi 1,600. Ukizidisha mara nne utaona kwamba kwetu lita ni shilingi 6,400, na mwanafunzi wa hesabu atasema mnunuzi wetu ameibiwa shilingi 400. Je, yule mama muuza vitumbua ambaye jioni ana shilingi 2,000 mkononi ataipataje ile lita ya 6,000? Kwake yeye swali la lita ni rahisi wapi halipo. Swali lake ni kama leo watoto watakula mboga iliyoungwa au hawatakula. Haba na haba hujaza kibaba, na duka la mtaani ndilo linalouza hiyo haba.

Tena liko daftari. Katika duka la kujichagulia hapana mtu anayeweza kumwambia keshia, "Niandikie, mume wangu bado hajarudi baharini." Kwetu huweza. Msiba ukitokea usiku, mlango hugongwa, na sukari na majani ya chai hutoka kabla ya fedha. Mama akitoka kwenda hospitali humwachia bibi ufunguo. Mtoto wa miaka sita hutumwa dukani kwetu na sarafu yake akarudi salama, maana kila mtu barabarani amjua ni mtoto wa nani. Mambo haya hayaandikwi katika risiti, lakini yana thamani.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana maduka yetu madogo yana makosa, na mengine nimeyatenda mimi mwenyewe nilipokuwa nikisimamia duka. La kwanza ni bei isiyobandikwa. Mgeni akija hutajiwa bei moja, na jirani bei nyingine. La pili ni mizani. Wako wenye maduka ambao mizani yao ina kidole kisichoonekana, na mnunuzi hujua, naye hunyamaza mpaka siku atakapopata pengine pa kwenda. La tatu ni vitu vilivyokwisha muda, vilivyofichwa nyuma ya vizima. La nne ni chenji. Mtu akidai shilingi 100 hupewa pipi, atake asitake. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, "Mjukuu wangu, nikija kesho na pipi hizi utanipa kiberiti?" Watu walicheka, nami nilicheka, lakini mzee yule hakurudi tena. Duka kubwa halikumwiba. Tulimfukuza wenyewe kwa pipi mbili.

Basi duka kubwa limetufundisha jambo. Kule bei hubandikwa kwa mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, na risiti hutolewa bila kuombwa. Desturi hii ya mnunuzi kujichagulia mwenyewe si ya zamani sana. Ilianza Marekani mwaka 1916, katika mji wa Memphis, kwa duka lililoitwa Piggly Wiggly la bwana Clarence Saunders. Kabla ya hapo hata huko mnunuzi alisimama mbele ya kaunta kama asimamavyo leo mbele ya baba yangu. Kubadilika si dhambi. Neno "duka" lenyewe limetufikia kwa njia ya bahari, kutoka kwa Waarabu na Wahindi, na leo katika miji mingi ya Tanzania mtu akienda dukani husema aenda "kwa Mangi," hata kama mwenye duka hajapata kuuona mlima Kilimanjaro. Biashara ya nchi yetu imepita mikono mingi, na kila mkono umekuja na desturi yake.

Lakini bibi yangu, ambaye ameona mengi kuliko sisi sote nyumbani, hupenda kutukumbusha wakati ambapo hapakuwa na mashindano yo yote. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, makampuni makubwa ya kuingiza na kutoa bidhaa, kama Smith Mackenzie na Dalgety, yalitwaliwa na umma, na kazi yao ikapewa Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1973 shirika hilo liligawanywa, kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, ndizo zile RTC ambazo wazee huzitaja. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambayo ilitaka maduka ya watu binafsi yafungwe na mahali pake pashikwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Nia ilikuwa njema, yaani kumwondolea mwananchi mnyonyaji. Lakini maduka ya ushirika hayakuwa tayari, bidhaa hazikuwafikia watu, na operesheni ikasimamishwa.

Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada yake uhaba mkubwa. Bibi asema watu walipanga foleni tangu alfajiri kwa sabuni na sukari, na aliyechoka aliweka jiwe mahali pake ili likae badala yake. Khanga zilikuwa habari ya kunong'onezana. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, vitu vikaanza kuonekana tena, na miaka michache baadaye bibi akaweka meza barazani akauza chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Hiyo ndiyo asili ya duka letu. Nilipomwuliza bibi kama alichukia duka la serikali, alinijibu, "Sikulichukia duka, nililichukia kuwa ni moja tu. Ukikosa pale, umekosa."

Maneno hayo ya bibi yamenifikirisha kuliko hotuba zote za mdahalo wetu. Naona sasa kwamba ubaya haumo katika ukubwa wa duka wala katika udogo wake, bali katika kubaki peke yake. Lilipokuwa duka la serikali peke yake, watu walipanga foleni. Likiwa duka dogo peke yake mtaani, hutoa pipi badala ya chenji. Na likiwa duka kubwa peke yake mjini, je, litafanya nini? Tusibahatishe jibu, maana majirani zetu wameliona.

Nakumatt lilianza kwa duka la magodoro mjini Nakuru, Kenya, na jina lake limetokana na mji huo na magodoro hayo. Likakua mpaka likafika Uganda, Rwanda na kwetu Tanzania, na mwaka 2014 lilichukua maduka matatu ya Shoprite, kampuni ya Afrika ya Kusini iliyokuwa ikiondoka nchini mwetu. Watu walidhani halina mwisho. Kumbe duka kubwa hupewa bidhaa na wasambazaji kwa ahadi ya kulipa baada ya siku 30, au 60, au 90. Likifungua matawi mengi kuliko nguvu zake, fedha za msambazaji huenda kujenga tawi jipya, na msambazaji hukaa akingoja. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa tupu, kwa sababu waliochoka kungoja waliacha kuleta bidhaa. Januari 2018 mahakama ililiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wake walipiga kura lifungwe, na matawi sita yaliyobaki yakauzwa kwa Naivas kwa shilingi za Kenya milioni 422.

Wala si hilo peke yake. Uchumi, lililoanzishwa na serikali ya Kenya mwaka 1975, lilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Tuskys nalo lilianguka katika miaka ya 2020 na 2021. Game, lililokuwa Mlimani City, Dar es Salaam, liliondoka nchini mwaka 2022. Haya yote yalifunguliwa kwa sherehe, na yalipofungwa waliobaki na machozi ni wafanyakazi waliokosa kazi na wasambazaji waliokosa malipo. Katika mdahalo nilisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, yaani maduka yakishindana bei hushuka na mnunuzi hufurahi. Ni kweli. Lakini nilisahau methali ya pili, kwamba wapiganapo fahari wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni mkulima wa nyanya wa Lushoto, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Muheza, na mwenye kiwanda kidogo cha mikate.

Kwa ajili hiyo sheria zimewekwa. Kenya, Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ilitoza faini ya shilingi za nchi hiyo bilioni 1.1 kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, inayoendesha huko maduka ya Carrefour, kwa kutumia vibaya nguvu zake za ununuzi juu ya wasambazaji wawili, mmoja wa asali na mmoja wa mafuta ya kupikia. Sisi pia tunayo Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Na Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara ndogo ndogo za aina 15, na ya kwanza ni biashara ya jumla na rejareja. Lakini msomaji aangalie vizuri, amri hiyo haikugusa supamaketi. Basi mwenye duka dogo asijidanganye kwamba serikali imemzungushia ua. Umefungwa mlango mmoja, na mlango mkubwa uko wazi.

Hata katika nchi tajiri shauri hili halijamalizika. Nchini Australia makampuni mawili, Woolworths lililoanza Sydney mwaka 1924 na Coles lililoanza karibu na Melbourne mwaka 1914, ndiyo yanayouza kiasi cha theluthi mbili ya mahitaji yote yanayonunuliwa katika supamaketi za nchi ile. Kampuni ya Kijerumani, Aldi, iliingia mwaka 2001 ikawapa ushindani wa bei. Na bado wananchi walilalamika, mpaka serikali ikaagiza uchunguzi juu ya bei na juu ya mkulima anavyotendewa, na taarifa yake ikatoka Machi 2025. Basi kama watu wenye fedha na magari waona shida pakiwa na wauzaji wakubwa wawili, sisi tutaonaje pakiwa na mmoja?

Sasa nifike kwenye shauri langu, maana kulaumu ni kazi rahisi. Siwaombi wazazi wanunue katika duka dogo kwa huruma. Mnunuzi si mtoa sadaka, na duka linaloishi kwa huruma litakufa siku huruma itakapochoka. Naomba maduka madogo yajitengeneze yastahili kununuliwa. Mambo manne yatosha.

Jambo la kwanza, bei zibandikwe. Kalamu na karatasi hazihitaji mtaji. Jambo la pili, mizani ipelekwe kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa wakati wake, na mnunuzi aruhusiwe kutazama mshale. Jambo la tatu, chenji iwe fedha, na asiyekuwa na shilingi 100 ya kurudisha aandike katika daftari kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi huyaandika madeni ya wateja kwa wino mweusi, huku ya kwetu twayalipa kwa pipi. Kadhalika mkopo uwe na kikomo kinachojulikana, maana kukopa harusi kulipa matanga, na duka lililokopesha mtaa mzima hufungwa na mtaa ule ule.

Jambo la nne ndilo kubwa, nalo ni kununua pamoja. Duka kubwa huuza rahisi kwa sababu hununua kwa lori. Baba hununua katoni moja moja, na tajiri wa jumla humhesabia kama mtu wa katoni moja. Lakini wenye maduka matano wakiweka fedha mahali pamoja, watahesabiwa kama mtu mmoja mkubwa. Wazo hili si langu. Uholanzi, mwaka 1932, bwana Adriaan van Well aliwakusanya wafanyabiashara wa jumla na wenye maduka wa mahali mbalimbali wakashirikiana, kila mmoja akabaki na duka lake, na leo jina la SPAR lajulikana katika nchi nyingi, Afrika ya Kusini ikiwamo. Hata huko Australia maduka ya watu binafsi yamekusanyika chini ya jina la IGA ili yaweze kusimama mbele ya wale wakubwa wawili.

Najua wazee watasema, "Ushirika? Tuliuona." Ni haki yao. Lakini ushirika ulioshindwa mwaka 1976 uliamriwa kutoka juu, na waliouendesha hawakupoteza fedha zao wenyewe ulipoharibika. Huu nisemao ni wa watu wanaojuana, kila mmoja na fremu yake na fedha zake.

Nilimweleza baba maneno haya kabla ya likizo kwisha. Kwanza alisema mimi nimsomee hesabu zangu za mtihani, dukani niache. Lakini siku mbili baadaye nilimwona akizungumza barazani na majirani wanne wenye maduka. Wakanunua pamoja mifuko 10 ya sukari ya kilo 50, na mfuko mmoja ukawapungukia shilingi 4,000 kuliko bei ya kununua mmoja mmoja. Faida yote ilikuwa shilingi 40,000, yaani shilingi 8,000 kwa kila mtu, maana kila mtu alichukua mifuko miwili. Si fedha nyingi, lakini ni zaidi ya mara sita ya ile hasara yangu ya toroli. Siku ya kutembelewa baba alinieleza kwamba walinunua tena mara ya pili, na mmoja wao alichelewa kuleta fungu lake, wakagombana kidogo. Sasa wameweka kanuni: asiyetoa fedha kabla ya siku ya kununua, mfuko wake haupo. Nilimwuliza kama bado atalifunga duka. Akasema, "Tutaona Desemba." Mwezi Juni alisema atafunga. Sasa asema tutaona. Kwangu hayo ni maendeleo.

Nawageukia wenzangu wanafunzi. Wengi wetu, tukipewa fedha, hatununui kitu tu, twanunua na kuonekana. Nimekwisha kukiri yangu. Kila mmoja na achukue risiti yake ya mwisho aifanyie hesabu kama nilivyofanya, pamoja na nauli, kisha anunue apendapo. Kwa walimu wetu nina ombi moja: somo la biashara na la utunzaji wa hesabu lifanyiwe mazoezi katika maduka ya jirani, kwa ruhusa ya wenyewe. Wako wenye maduka wengi wasiojua mwisho wa mwezi kama wamepata au wamekula mtaji, na wako wanafunzi wengi wajuao kuandika hesabu za kampuni zisizokuwapo. Wakikutana, wote watafaidika. Na kwa wazazi nasema, mkipunjwa na duka la mtaani msinyamaze mkahama. Semeni. Mwenye duka ni jirani yenu, naye huona haya, na mwenye kuona haya huweza kutengenezeka.

Kama mdahalo ule ungerudiwa leo, nisingesimama upande wa kwanza wala wa pili. Ningesema mji wataka maduka ya aina zote mbili, kubwa limfundishe dogo kubandika bei, na dogo liwe kimbilio siku kubwa litakapofunga milango yake na kuondoka, kama tulivyokwisha kuona. Lakini ili liwepo siku hiyo, ni lazima liwe hai leo.

Katika mtihani wa Novemba sitaulizwa habari za duka la baba. Hata hivyo nimeazimia kwamba likizo ya Desemba, kazi yangu ya kwanza itakuwa kuandika bei za vitu vyote kwa mkono wangu na kuzibandika, ndogo kwa kubwa, mpaka bei ya kiberiti. Na mzee yule wa pipi nitamtafuta barabara anayokaa, nimpelekee shilingi 100 yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne